Kulipia au kutolipia programu za ofisi: namna ya kuamua kwa kazi na kwa nyumbani

Mtu anaponunua kompyuta mpakato dukani, fundi humuuliza kama angependa kuwekewa Word na Excel, na mara nyingi huwekewa papo hapo bila kuambiwa leseni ni ya nani, itadumu hadi lini, wala nani atawajibika siku itakapogoma. Ndiyo maana watu wengi wametumia programu za ofisi kwa miaka mingi bila kuwahi kufanya uamuzi wowote juu yake. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuamua mwenyewe kama alipie usajili wa kila mwaka, anunue leseni ya mara moja au atumie programu za bure. Na kama ana ofisi ndogo, kama awalipie wafanyakazi wote, baadhi yao, au asimlipie yeyote. Ushauri wangu ni kwamba uamuzi uanzie kwenye faili unazopokea na kutuma. Bei utaijua kwa dakika moja, ilhali hasara ya faili iliyovurugika huonekana siku ya mwisho ya kuwasilisha zabuni, wakati hakuna tena nafasi ya kuirekebisha.

Ni vipi vilivyopo

Watu huzungumza kana kwamba kuna njia mbili tu, ya kulipia na ya bure, lakini kwa kweli zipo nne, na kila moja ina masharti yake.

Ya kwanza ni usajili, na unaojulikana zaidi ni Microsoft 365, ambayo hadi mwaka 2020 ilikuwa ikiitwa Office 365. Kwa matumizi ya nyumbani kuna mpango wa mtu mmoja na mpango wa familia unaoruhusu hadi watu 6, kila mmoja akiwa na akaunti yake na hifadhi yake ya TB 1 mtandaoni. Nchini Marekani bei ya mpango wa mtu mmoja ilipanda Januari 2025 kutoka dola 69.99 hadi dola 99.99 kwa mwaka, na ule wa familia kutoka dola 99.99 hadi dola 129.99, na sababu iliyotolewa ni kuongezwa kwa msaidizi wa akili mnemba anayeitwa Copilot. Mwenye usajili wa zamani aliruhusiwa kubaki kwenye mpango usio na Copilot kwa bei ya awali, ingawa chaguo hilo wengi walilikuta tu walipobonyeza sehemu ya kusitisha usajili. Kwa hiyo anayefikiria kujitoa kwa sababu ya bei na afike kwanza kwenye ukurasa huo wa kusitisha, asome kinachotolewa pale, ndipo aamue.

Ya pili ni leseni ya mara moja. Office 2024, iliyotoka Oktoba 2024, ilipotoka iliuzwa Marekani kwa dola 149.99 ikiwa na Word, Excel, PowerPoint na OneNote, na kwa dola 249.99 kwa toleo linaloongeza Outlook na ruhusa ya kutumika kibiashara. Leseni hiyo ni ya kompyuta moja, haipati vipengele vipya, lakini hupata marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2029. Jambo la kuangalia hapa ni tarehe ya mwisho. Office 2016 na Office 2019 zilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, siku ileile ambayo Windows 10 nayo ilifikia mwisho wake, na Office 2021 inafuata Oktoba 2026. Muuzaji anayekupa leseni ya Office 2019 kwa bei ya kutupa anakuuzia kitu ambacho hakirekebishwi tena.

Ya tatu ni programu za bure zinazosakinishwa kwenye kompyuta. LibreOffice ndiyo kamili zaidi: ina Writer kwa maandishi, Calc kwa majedwali ya hesabu, Impress kwa mawasilisho, Draw kwa michoro na Base kwa kanzidata. OnlyOffice ina mwonekano unaokaribiana sana na ule wa Microsoft, na faili za docx na xlsx, yaani za Word na Excel, ndizo lugha yake ya kwanza. WPS Office, inayotengenezwa na kampuni ya Kingsoft ya China, imeenea sana kwenye simu. Ni nyepesi, lakini toleo lake la bure lina matangazo, na baadhi ya kazi huachiwa wanaolipa tu. Apache OpenOffice bado inapakuliwa na watu wengi kwa mazoea, nami simshauri mtu yeyote aianze leo, kwa kuwa hufungua faili za docx lakini haiwezi kuzihifadhi katika umbo hilo.

Ya nne ni programu za bure zinazotumika ndani ya kivinjari. Google hutoa Docs, Sheets na Slides pamoja na GB 15 za hifadhi, ambazo hugawanywa kati ya barua pepe, faili na picha zako. Microsoft nayo hutoa Word, Excel na PowerPoint za kwenye kivinjari kwa akaunti ya bure yenye GB 5.

Ipo na njia ya tano, ambayo ndiyo inayotumika zaidi mitaani: Office iliyochakachuliwa. Sitaipigia hesabu kwa sababu si chaguo la bure hata kidogo. Kifaa cha kuvunja leseni kinachotumiwa na mafundi humtaka mtumiaji azime programu ya kukinga virusi kabla ya kukiendesha, na kinapoendeshwa hupewa mamlaka yote juu ya kompyuta ambayo baadaye utaitumia kuingia kwenye akaunti ya benki. Kwa ofisi kuna hatari nyingine ya kisheria, maana programu za kompyuta zinalindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 Tanzania Bara na ile ya mwaka 2001 nchini Kenya. Aliyekuwa akiitegemea kwa sababu hana fedha za leseni ana njia halali isiyomgharimu zaidi ya bando, nayo ni kupakua LibreOffice, ambayo kwa Windows ina ukubwa wa takriban MB 350.

Je, cha bure kitadumu?

Hofu ya kwamba kitu cha bure kinaweza kufungwa wakati wowote ni ya haki, na inafaa zaidi kwa huduma za mtandaoni kuliko kwa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuuendeleza. Chimbuko la LibreOffice ni StarOffice, programu ya Kijerumani iliyoanza miaka ya 1980 na kununuliwa na kampuni ya Sun mwaka 1999. Sun ilifungua msimbo wake kwa umma ikawa OpenOffice.org. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, watengenezaji wengi walijitenga Septemba ya mwaka huohuo wakaendelea na kazi ileile chini ya jina jipya la LibreOffice, na leo inasimamiwa na taasisi isiyo ya kibiashara iliyosajiliwa Berlin. Maana yake kwa mtumiaji ni kwamba mmiliki alibadilika mara mbili lakini faili zilizoandikwa na programu hiyo zikaendelea kufunguka. Umbo lake la faili, ODF, ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006, na hata Word hulifungua.

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya ziada ya kuithamini historia hiyo. Mwaka 2004 kundi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice ambayo menyu zake zimeandikwa kwa Kiswahili, na kazi hiyo iliwezekana kwa sababu hakuna aliyehitaji kuombwa ruhusa. Katika LibreOffice unaweza hadi leo kuweka kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, hivyo maandishi hayajai mistari myekundu kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Mwenye kuandika taarifa na mihtasari ya vikao kwa Kiswahili kila wiki atalipenda jambo hilo.

Jaribu kwa faili zako ngumu

Kabla ya kulipa au kuacha kulipa, chagua faili tatu ulizonazo ambazo unaamini ni ngumu kuliko nyingine zote: barua au ripoti yenye nembo, jedwali na namba za vichwa; kitabu cha Excel ambacho ofisi haiwezi kufanya kazi bila hicho, kwa mfano cha mishahara au cha stoo; na faili moja uliyotumiwa na mtu wa nje, kama vile fomu ya zabuni au fomu ya mfadhili. Weka nakala za faili hizo kwenye kabrasha jipya, usiguse za asili. Kisha zifungue kwenye LibreOffice, na kama hukuridhika, kwenye OnlyOffice.

Kwenye ripoti, anza kwa kuhesabu kurasa. Kama Word ilionyesha kurasa 12 na LibreOffice inaonyesha 13, mara nyingi sababu ni fonti. LibreOffice huja na Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana uleule wa Calibri na Cambria, na huja na Liberation badala ya Arial na Times New Roman, kwa hiyo hati iliyoandikwa kwa fonti hizo nne hukaa mahali pake. Tatizo limeongezeka tangu 2023, Microsoft ilipoanza kutumia fonti mpya ya Aptos kama chaguo la mwanzo. Kompyuta isiyo na Aptos huweka fonti nyingine yenye upana tofauti, mistari ikasogea, na sehemu ya sahihi iliyokuwa chini ya ukurasa wa pili ikahamia ukurasa wa tatu ikiwa peke yake. Aliyewahi kupeleka hati dukani kuchapisha anaijua hali hiyo. Dawa yake ni kukubaliana ofisini kwamba hati zote ziandikwe kwa fonti mojawapo kati ya zile nne, na chochote kinachokwenda nje kwa ajili ya kusomwa au kuchapishwa kitumwe kikiwa PDF.

Kwenye kitabu cha hesabu, usidanganywe na namba unazoziona mara tu faili inapofunguka. Calc, ikiachwa ilivyo, haikokotoi upya faili ya Excel inapoifungua. Inaonyesha matokeo ambayo Excel iliyahifadhi mara ya mwisho. Bonyeza Ctrl, Shift na F9 kwa pamoja ili ilazimike kukokotoa fomula zote, kisha linganisha jumla za chini na zile za nakala iliyochapishwa. Kama jumla ya mishahara, makato ya kodi na ya mfuko wa hifadhi ya jamii zinalingana hadi senti, sehemu kubwa ya wasiwasi imekwisha. Kukitokea neno la kosa kwenye kisanduku, angalia fomula iliyotumika. XLOOKUP, fomula ya kutafuta thamani ndani ya jedwali, kwa mfano, haikuwemo katika LibreOffice hadi toleo la 24.8 la Agosti 2024, kwa hiyo mwenye toleo la zamani hatatatua lolote kwa kuilaumu programu, aipakue upya.

Pale ambapo programu za bure hushindwa kweli ni kwenye makro, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili ili ifanye kazi fulani yenyewe, na kwenye vyombo vya Excel vya kuvuta na kuchambua data, hasa Power Query na Power Pivot. Makro za Excel zimeandikwa kwa VBA, lugha ya programu ya Microsoft. LibreOffice huendesha baadhi yake tu, na zile ndefu zenye vitufe na madirisha ya kujaza mara nyingi hukwama katikati. Mfano ulio karibu ni marejesho ya kodi ya Kenya: fomu ya KRA, mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, inayopakuliwa kutoka mfumo wake wa mtandaoni wa iTax ni kitabu chenye makro, na kitufe cha kuhakiki kilicho mwishoni ndicho kinachotengeneza faili ya kupakia kwenye mfumo. KRA imekuwa ikitoa pia fomu za aina ya ODS, yaani umbo la majedwali la LibreOffice, kwa wasio na Excel, jambo ambalo wahasibu wengi hawalijui, lakini anayeandaa marejesho ya wateja wengi atakuwa na amani zaidi akiwa na Excel halisi.

Mawasilisho hayahitaji maelezo mengi. Yafungue, pitia kurasa zote, na kama mienendo ya picha na maneno imepotea, jiulize kwanza kama ilihitajika.

Nyumbani

Kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani, yaani barua za maombi ya kazi, wasifu, bajeti ya mwezi, michango ya harusi, kazi za shule na mikataba ya kupangisha, sioni sababu ya kulipa. LibreOffice kwenye kompyuta na Google Docs kwenye simu vinatosha, na mwanafunzi wa chuo anapaswa kuuliza kwanza ofisi ya teknolojia ya chuo chake, kwa sababu vyuo vinaweza kuwapa wanafunzi akaunti za Microsoft au Google zisizolipiwa kwa kutumia barua pepe ya chuo. Akaunti hizo huweza kufungwa mwanafunzi anapohitimu, kwa hiyo tasnifu isiachwe huko peke yake.

Nyumba moja tu inanifanya nibadilishe ushauri huo, nayo ni ile yenye watu wengi wanaohitaji hifadhi ya mtandaoni. Mpango wa familia wa dola 129.99 ukigawanywa kwa watu 6 ni chini ya dola 22 kwa kila mmoja kwa mwaka, na kila mmoja anapata TB 1. Ndugu waliotawanyika, mmoja Arusha, mwingine Mombasa, mwingine Muscat, wanaweza kugharimiana. Hapo kinachonunuliwa hasa ni mahali salama pa kuweka picha na hati, Word ikiwa nyongeza. Sharti ni kwamba mipango ya nyumbani imetolewa kwa matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara, hivyo isigeuzwe kuwa leseni ya duka au ya kampuni kwa mlango wa nyuma.

Anayetegemea programu za kwenye kivinjari naye ajiandae kwa siku ambayo bando limekwisha au umeme umekatika. Google Docs hufanya kazi bila intaneti, lakini ni lazima uwe umeiwezesha mapema kwenye mipangilio ya Drive, ukiwa bado umeunganishwa, na uwe unatumia Chrome au Edge. Kuikumbuka ukiwa tayari ndani ya basi la kwenda Dodoma hakusaidii. Vilevile ifahamike kwamba akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, jambo linalowahusu hasa wazee waliofunguliwa akaunti na watoto wao kisha zikasahaulika.

Kuna jambo moja la Windows linalowachanganya watu wengi hata kabla hawajaamua chochote. Kompyuta mpya huweza kuelekeza makabrasha ya Desktop, Documents na Pictures kwenye OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, moja kwa moja, na kwa kuwa akaunti ya bure ina GB 5 tu, baada ya wiki chache huanza kutokea ujumbe kwamba nafasi imejaa na kwamba unahitaji kununua zaidi. Diski ya kompyuta yenyewe inaweza kuwa bado ina nafasi tele. Kabla hujalipa kwa sababu ya ujumbe huo, fungua mipangilio ya OneDrive, simamisha uhifadhi wa makabrasha hayo, hakikisha faili zako zimerudi kwenye kompyuta, kisha amua kwa utulivu.

Kazini

Ofisi ndogo inayotaka kuamua vizuri iache kuuliza „tununue leseni ngapi" na ianze kuuliza nani anafanya nini. Chukua mfano wa shule ya binafsi yenye wafanyakazi wanane wanaotumia kompyuta. Mhasibu anaishi ndani ya Excel, anabadilishana vitabu vyenye makro na mkaguzi wa nje, na kila mwezi anatuma faili za malipo benki. Mkuu wa shule anasoma hati za wengine na kuweka maoni pembeni. Katibu anaandika barua na kuzichapisha. Walimu watano wanatunga mitihani. Kuwalipia wote wanane ni kumlipia mwalimu chombo ambacho atakitumia kuandika maswali yenye vipengele vinne na mchoro mmoja. Kutomlipia yeyote ni kumfanya mhasibu apoteze siku nzima kila mwisho wa mwezi akipambana na faili. Jibu la busara ni kumlipia mhasibu, pengine na mkuu wa shule, na wengine wote kuwawekea LibreOffice, ambayo leseni yake inaruhusu matumizi ya kibiashara kwenye kompyuta nyingi kadiri upendavyo.

Mchanganyiko huo hufanikiwa pale tu kunapokuwa na umbo moja la faili. Kwenye kila kompyuta yenye LibreOffice, fungua Tools, kisha Options, ingia Load/Save na uchague General. Hapo weka kwamba maandishi yahifadhiwe daima katika umbo la Word na majedwali katika umbo la Excel, yaani docx na xlsx. Dakika mbili za kazi hiyo huondoa malalamiko mengi ya „faili yako haifunguki", kwa sababu aliyetumiwa hana haja ya kujua iliandikwa na programu gani. Maoni ya pembeni na mabadiliko yaliyofuatiliwa husafiri vizuri kati ya Word na Writer, ila hati inayopita mikononi mwa watu wengi kwa wiki kadhaa ni afadhali ihaririwe kwa programu moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Kama watu wenu wanahitaji kuandika hati moja kwa wakati mmoja, LibreOffice ya kawaida haifai kwa kazi hiyo, na hakuna haja ya kuilazimisha. Tumieni Google Docs au Word ya kwenye kivinjari. Nina tahadhari moja tu hapa: ofisi isiendeshe kazi zake kupitia akaunti binafsi za Gmail za wafanyakazi. Mfanyakazi akiondoka anaondoka na umiliki wa faili, na orodha za wagonjwa, wanafunzi au wateja zikikaa kwenye akaunti ya mtu binafsi, mwajiri anajiweka pabaya mbele ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nchini Tanzania au ile ya mwaka 2019 nchini Kenya.

Hapo ndipo hoja yenye nguvu ya kulipia usajili wa kiofisi inapojitokeza. Ukichunguza ankara ya ofisi nyingi, utakuta kinachowafaa zaidi ni barua pepe yenye jina la kampuni, hifadhi inayomilikiwa na ofisi na uwezo wa msimamizi kufunga akaunti ya aliyeacha kazi. Word na Excel ni sehemu tu ya kifurushi. Microsoft ina mpango wa biashara wa bei ya chini wenye barua pepe na programu za kwenye kivinjari pekee, na Google Workspace hutoa huduma ya aina hiyohiyo. Ofisi inaweza kuchukua mpango huo wa chini kwa wafanyakazi wote, ikaweka LibreOffice kwenye kompyuta zao, na ikachukua mpango wenye programu kamili kwa mhasibu peke yake. Mipango hiyo huchanganywa ndani ya akaunti moja ya kampuni, na ajabu ni kwamba ni wauzaji wachache mno watakaokutajia. Mashirika yasiyo ya kiserikali yaulize kwanza misaada na punguzo linalotolewa na kampuni zote mbili kwa mashirika yaliyosajiliwa.

Hesabu ya fedha yenyewe

Bei iliyoandikwa kwa dola siyo utakayolipa. Huduma za kidijitali kutoka nje hutozwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni 18% Tanzania Bara na 16% Kenya, na juu yake kuna kiwango cha kubadilishia fedha cha benki au cha kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kupitia pesa za simu. Shilingi ikishuka, usajili unapanda bila mtu kukutangazia. Fanya hesabu ya miaka mitano badala ya mwaka mmoja: kwa bei za Marekani, usajili wa mtu mmoja ni takriban dola 500 kwa muda huo, wakati leseni ya mara moja ya Office 2024 ilipotoka ilikuwa dola 149.99 na marekebisho yake yanafika 2029. Kwa mtu mwenye kompyuta moja ambaye anataka Word na Excel tu na hana haja na TB 1 ya hifadhi, leseni ya mara moja inashinda waziwazi, ingawa ndiyo inayotangazwa kidogo kuliko zote.

Kwa upande wa bure, gharama ni muda. Tenga siku moja ya kuwafundisha wafanyakazi mahali vitu vilipo, na usibadilishe programu wiki ya kufunga hesabu au ya mitihani. LibreOffice ina mwonekano unaoweka vitufe kwa mtindo wa utepe unaofanana na wa Word. Uchague kupitia View, kisha User Interface, uwawekee wote wanaotoka Office, na manung'uniko yatapungua. Ninavyoona, watu huikataa programu mpya kwa sababu hawaoni kitufe walichokizoea, mara chache sana kwa sababu kitufe hicho hakipo.

Kujitoa kwenye usajili

Anayeamua kuacha kulipia ajue kinachotokea. Usajili wa Microsoft 365 ukiisha, programu hubaki kwenye kompyuta lakini huwa za kusoma tu: unaweza kufungua na kuchapisha hati, huwezi kuihariri wala kuanza mpya. Faili zilizo kwenye diski ni zako na zitafunguka kwa LibreOffice siku hiyohiyo. Zilizo kwenye OneDrive ndizo za kushughulikia mapema, kwa sababu hifadhi hurudi GB 5, na akaunti iliyozidi kiwango haipokei kitu kipya na mwishowe vilivyomo vinaweza kufutwa.

Kwa hiyo, angalau mwezi mmoja kabla ya tarehe ya mwisho, zima kwanza malipo ya kujirudia, kwani kuyazima hakukunyimi muda uliokwisha kuulipia. Pakua kila kilichomo OneDrive kwenye diski ya nje na uhakikishe kwa kufungua faili chache kutoka kila kabrasha, maana alama ndogo ya wingu kando ya jina la faili ina maana kwamba haijashuka kwenye kompyuta yako. Barua pepe za ofisi zihamishiwe zinakokwenda kabla akaunti haijafungwa. Kisha fanya kazi na programu mpya kwa muda uliobaki, ukiwa bado na ile ya zamani karibu, ili faili itakayokataa ikatae wakati Excel bado inafunguka na mhasibu bado anaweza kuihifadhi upya katika umbo jingine.